Gari Linaingia Likiitwa

Shangazi aliliegesha gari la mkate nje ya geti la ofisi ya leseni, akavuta breki ya mkono kama anayeng'oa kisiki, kisha akampa mtoto wa kaka yake ufunguo.

"Nisikilize, baba," alisema. "Mimi nina basi la shule linanisubiri. Watoto wakitoka nisiwepo, mwalimu mkuu atanila nyama mbichi. Adhuhuri naondoka."

"Hata kunifikisha hapa ni wema mkubwa, Shangazi."

"Acha maneno. Omba tuitwe mapema."

Kwenye kiwanda cha mikate walikuwa bado wanamwita kijana huyo Dereva, ingawa kwa mwezi mzima alikuwa akisambaza mikate kwa mkokoteni. Yote yalianza na taa moja ya nyuma iliyoungua. Trafiki alimsimamisha akaandika faini, naye akampelekea tajiri mwenye gari. "Niachie hiyo karatasi," tajiri akamwambia, akaitia mfukoni. Hakulipa. Faini ikazaa faini nyingine, mpaka leseni ya Dereva ikafungiwa. Alipokwenda kulalamika, tajiri alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Leseni ina jina langu?"

Taa yenyewe Dereva aliinunua kwa pesa yake, akaifunga kwa mikono yake.

Halafu ndipo alipojifunza kwamba kufungiwa ni bure, kufunguliwa ndiko kuna bei. Alilipa faini na adhabu ya kuchelewesha faini. Akalipa daktari wa macho aliyemsomesha herufi za ukutani. Akalipa darasa la usalama barabarani, alilofundishwa na kijana anayekuja kazini kwa baiskeli. Mkewe alikuwa na friji, akigandisha barafu na kuwauzia majirani. Friji iliuzwa. Mama wa watu hakunung'unika. Alisogeza kabati la vyombo mpaka pale friji ilipokuwa, ili mumewe akirudi asiuone ukuta mtupu.

Sasa ulibaki mtihani wa kuendesha na ada ya mwisho. Ada hiyo ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, elfu hamsini kamili, na kila baada ya muda aliupapasa. Tajiri alikuwa amesema neno moja tu asubuhi: "Jioni niione leseni. Nisipoiona, alfajiri ufunguo nampa mwingine."

Mtihani unafanywa kwa gari unalokuja nalo mwenyewe. Lakini aliyefungiwa haruhusiwi kuendesha, hata kuvuka lile geti, na askari wa trafiki alikuwa amekaa kivulini palepale, miguu ameinyoosha, akiwangoja watakaosahau.

Jua lilipanda. Mtahini alitoka kwenda kunywa chai, na chai ikawa ndefu. Shangazi alitazama saa, akamfuata mlinzi wa geti.

"Mwanangu, niruhusu niliingize sasa. Nina watoto wa watu."

"Mama yangu, ningekuruhusu," mlinzi alijibu kwa sauti ya chini. "Amri ni kwamba gari linaingia likiitwa."

Shangazi alirudi garini, akamwachia Dereva chupa yake ya maji. "Nikishawashusha nitarudi mbio. Usije ukaligusa, unasikia?"

Hajafika hata kwenye kona, sauti ikaita kutoka ndani: "Mwenye gari la mkate!"

Dereva alikimbia dirishani. "Mkuu, aliyelileta ameondoka sasa hivi. Naomba niwapishe wengine—"

"Dakika kumi liwe kwenye mstari," mtahini alisema bila kuinua macho. "Zikipita, faili linafungwa. Utaanza upya, na malipo upya."

Kijana mmoja aliyekuwa ameegemea geti akamsogelea. Watu walimwita Msaada. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri sana kwa mtu asiye na kazi.

"Kaka, elfu ishirini, nakuingizia."

"Kutoka hapa mpaka pale? Si hapo tu!"

"Hunilipi njia, unailipa leseni yangu. Yangu inapumua."

Askari akawa anachunguza kucha zake. Dereva aliupapasa mfuko. Akitoa ishirini, ada haitimii. Hata akifaulu, hatapata kitu.

"Usithubutu kuliwasha," alisema mama mmoja mwendesha teksi aliyekuwa kwenye foleni, naye amefungiwa. "Juzi mwenzetu aliwasha tu, hata gia hajaingiza. Walimbeba na gari lake."

Dereva alifungua mlango wa gari. Hakupanda. Alizungusha ufunguo kidogo usukani ulegee, akashusha breki, akaweka gia huru, akabaki amesimama chini, mkono mmoja kwenye usukani na bega kwenye nguzo ya mlango. Akasukuma.

"Wewe!" Askari aliinuka. "Unaendesha bila leseni!"

"Injini imezimwa, afande. Huu ni mkokoteni. Mwezi mzima nasukuma wenzake na hujaniuliza leseni."

Foleni iliangua kicheko. Gari lenyewe halikucheka wala halikusogea. Dereva alisukuma tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Mara akaona mama wa teksi ameweka mkoba wake kwenye kiti cha gari. "Haya, mikate hiyo, mikate!" alipaza sauti, akaenda nyuma. Mzee mmoja mwenye miwani akamfuata, na wengine wawili. Mlinzi alifungua geti wazi, na askari alipogeuka kumtazama Msaada, mlinzi naye akatia bega lake.

Gari likaingia.

Mtihani haukumtisha. Alizunguka mapipa, akarudi kinyumenyume bila kugusa hata moja. Mtahini aligonga muhuri: AMEFAULU. Dereva alilipa elfu hamsini zake kwa dada wa dirisha la malipo, akapewa risiti.

"Na leseni?"

"Mtandao umekatika. Kadi njoo kesho mchana."

"Dada yangu, risiti hii si inaniruhusu kuendesha?"

"Bila kadi huna leseni."

"Basi niandikie barua nimwonyeshe tajiri wangu."

"Barua ina malipo yake," yule dada alisema, na uso wake ulionyesha kwamba hakupenda kulisema. "Na anayezisaini ameshaondoka."

Dereva alimpigia tajiri. "Nimefaulu, tajiri. Kadi ni kesho."

"Kesho alfajiri mkate unatoka," tajiri alisema, na simu ikakatika.

Ofisi ilikuwa inafungwa. Gari likilala uani, linalipiwa. Shangazi alikuwa hajatokea. Mama wa teksi, ambaye mwenyewe alikuwa ameambiwa arudi siku nyingine, aliweka tena mkoba wake kwenye kiti.

"Tulitoe," alisema. "Bado nina nguvu zimebaki, sina haja ya kwenda nazo nyumbani."

Wakalisukuma. Getini askari alikuwa amesimama katikati ya njia, kitabu cha faini mkononi. Dereva, risiti ya muhuri mfukoni, alipitisha mkono mlangoni akawasha taa za gari, mchana kweupe. Kisha akarudisha bega kwenye nguzo.

"Tupishe, afande," alisema. "Na ukishatupisha, angalia kule nyuma. Zote zinawaka."