Jicho la Paa

Karekezi Manassé hakuogopa chui, wala askari wa kodi, wala ng'ombe mwenye ndama. Aliogopa baridi. Hilo lijulikane mapema, maana watu wa Karuba walipokuja kumsema baadaye walisema ni ukaidi. Ukaidi alikuwa nao, tena wa kutosha kugawia kilima kizima, lakini siku ile ya kuchagua chumba cha darini, kilichomtawala kilikuwa woga.

Baridi ilikuwa imemlia wajukuu wawili. Mwanawe Evode na mkewe Dancille walikaa chini ya kilima, kwenye nyumba ya udongo iliyovuja msimu wote wa mvua, na watoto wao wote wawili walikufa kwa kifua kabla hawajaota meno. Sasa Dancille alikuwa na mimba ya tatu. Mvua za mwaka ule, miaka ya hamsini ikianza, zikauporomosha ukingo na kuibeba nyumba yenyewe. Wenyewe walinusurika, walikuwa shambani, ila mahali pa kuzalia hapakuwapo tena.

Manassé akatazama juu. Nyumba yake ilikuwa ya matofali, na paa lake la mabati alikuwa amelijenga refu kwa kuiga nyumba ya mzungu wa shamba la pareto. Chini ya paa lile mtu mzima angeweza kusimama, na wakazi wake hadi siku hiyo walikuwa panya. Akamwita Gustave, fundi seremala wa Shasha.

Gustave alipanda, akagongagonga boriti, akashuka na utando wa buibui kichwani.

"Papa, kuko njia tatu," alisema. "Ya kwanza, tunainua ukuta na paa yote, unapata etaji, gorofa kabisa. Lakini mvua iko mulangoni. Tukitoa mabati leo, utaenda kulala na ng'ombe. Ya pili, tunaweka planshi, mbao ya kukanyaga juu, tunafunga, basi. Ya tatu njo miye ninapenda. Tunaweka planshi, halafu tunakata mabati ku upande wa jua, tunainua kapaa kadogo na dirisha yake. Paa inapata jicho, chumba inapumua."

"Kukata mabati yangu?"

"Kidogo tu, Papa."

"Na baridi je, nayo haitaona hilo jicho lako?"

Mkewe Nyiramahoro alikuwa kando akisugua vyansi, vile vyombo vya mti vya kukamulia maziwa. Hakuinua kichwa. "Na moshi," aliuliza, "itapita wapi?"

Lilikuwa swali la maana. Chumba kile kilipaswa kukaa juu ya upande wa moto, pale ambapo Nyiramahoro alifukiza vyansi kila siku kwa makaa na majani makavu ili maziwa yasiharibike. Upande wa pili haukufaa, kwa kuwa ndipo kilipokuwa kitanda cha mzee, na katika ukoo wao mkamwana hapiti juu ya kichwa cha baba mkwe. Naye baba mkwe haweki mguu wake anapolala mkamwana. Wala jina la baba mkwe mkamwana halitamki, hata akiulizwa na padri. Tangu aolewe, Dancille alikuwa hajalitamka jina Karekezi, na akitaka kumwambia mzee jambo alipitia kwa mama mkwe.

Manassé alicheka. "Moshi! Miye nilizaliwa mu moshi. Papa yangu alizeekea mu moshi. Wewe ulishasikia muntu gani aliuawa na moshi ya nyumba yake?"

Hakuna aliyewahi kusikia. Kosa lilikuwa hapo hapo. Nyumba walimozaliwa zote zilikuwa za nyasi, na moshi hupenya nyasi taratibu ukaenda zake. Asubuhi ungeona paa zima linafuka. Bati halipenyeki. Mzee aliyajua mabati yake kwa upande wa mvua tu, na sikio la kufa halisikii dawa.

"Tunafunga," alisema. "Baridi njo iliua bale batoto babili. Haiwezi kuua huyu."

Gustave hakubishana na mwenye nyumba. Hata hivyo alipanda tena paani, akachora kwa msumari mstari wa pembe nne kwenye bati, pale alipotaka kuweka jicho. "Siku utabadilika mawazo, Papa, miye ao fundi mwingine, atakata hapa," alisema. Mzee aliguna.

Chumba kikafungwa. Manassé mwenyewe aliziba kila ufa ukutani chini ya paa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, akalainisha kwa kiganja kama anayepaka mtoto mafuta. Kwenye mlango wa darini, ule wa sakafuni juu ya ngazi, unaosukumwa kwenda juu, aliagiza komeo litiwe kwa ndani, ili mwanamume yeyote asije akajisahau akapanda. Dancille akahamia humo, akapewa mwiko wa kusongea ugali: akihitaji kitu, agonge sakafu, Nyiramahoro atapanda.

Akazaa msichana, mzima, mwenye sauti kubwa. Evode alimwona mwanawe, akalia kwa furaha, kisha akarudi Walikale msituni alikokuwa akipasua mbao. Mzee hakuwa amemwona mjukuu bado, desturi ilimtaka angoje mama atoke nje. Alimsikiliza tu. Kila kilio cha juu kilimfanya atabasamu peke yake kama mwehu, na Nyiramahoro alimwona akajifanya hakuona.

Kisha ikaja ile alasiri. Nyiramahoro alikuwa ameteremka Mushaki kupeleka maziwa, akaacha makaa yamefunikwa majani na vyansi vimeinamishwa juu yake. Mvua ikapiga na upepo wake. Manassé akaingia kutoka zizini amelowa hadi mifupa, akafunga mlango, akafunga na dirisha, akatupia kuni juu ya makaa apate kujikausha. Kuni zilikuwa mbichi. Zilifoka moshi mweupe, mzito, na yeye akasogeza kigoda chini, karibu na sakafu, anapokaa mtu aliyezoea. Moshi ukapanda. Mbao za dari, zilizopigiliwa kabla hazijakauka, zilikuwa zimeanza kuachana, na moshi ulizipitia kama maji kwenye kikapu.

Juu, mtoto alilia. Halafu akanyamaza.

"Amelala," Manassé alijiambia, na moyo wake ukatulia.

Mwiko ukagonga mara moja.

"Mama haiko!" alipaza sauti kwa heshima, macho chini, ingawa hakuna aliyemwona. "Atarudi sasa hivi!"

Ukagonga tena, pole pole, bila nguvu. Mzee akakunja uso. Si amemwambia mama hayupo? Wasichana wa siku hizi. Akachochea moto. Mvua iligonga mabati kwa kelele kubwa, na ndani ya kelele ile akasikia sauti ya mwanamke, ndogo, imekwaruza:

"Karekezi!"

Alisimama. Damu ilimpanda usoni. Mkamwana wake, ndani ya nyumba yake, amemwita kwa jina kama anayeita mbwa! Alisimama pale na hasira yake, akitafuta neno la kumrudishia, na wakati huo hautasahaulika, kwa sababu alikuwa akiupoteza.

"Karekezi," sauti ilisema tena, na ikakatika kwa kikohozi.

Hapo ndipo akaelewa. Mke mwenye adabu kama Dancille angekufa kabla ya kulitamka jina lile. Basi alikuwa anakufa.

Akausukuma mlango wa nje wazi, akapiga teke moto. Akapanda ngazi mbio, na kichwa chake kiliposogea darini moshi ulimkaba, macho yakafunga. Alisukuma kwa bega. Komeo lilishika. Komeo lake mwenyewe, imara, la kuzuia wanaume.

"Fungua! Mama ya kamutoto, fungua!"

Alisukuma hadi ngazi ikaanza kuteleza. Ndipo akaruka chini, akanyakua shoka na ngazi, akatoka nje kwenye mvua. Akaegemeza ngazi ukutani, akapanda paani kwa magoti na viganja, mzee mzima, huku mabati yakimteleza. Aliitafuta alama ya Gustave kwa vidole. Msumari ulikuwa umechora vizuri. Akaketi kando yake, akainua shoka, na hapo mkono ukasita: chini ya bati kuna mtoto. Angekata wapi asimkate?

"Dancille! Kama unasikia, ondoka pa katikati!"

Akakata kwenye mstari, kwa mapigo mafupi. Bati lilipiga ukelele. Akaingiza shoka kwenye mpasuko, akalikunjua kwa mikono, likamchana viganja bila yeye kujua. Moshi ukatoka wote kwa pamoja, ukampiga kifuani. Akauelekeza uso wake kando, kisha akaingiza kichwa.

Dancille alikuwa amelala kifudifudi kwenye pembe ambapo paa linakutana na ukuta. Mwiko ulikuwa umevunjika mkononi mwake. Kwa mwiko ule alikuwa ameyachimba mavi ya ng'ombe aliyoyasiliba mzee, akatoboa tundu lisilozidi yai, na kwenye tundu lile alikuwa ameubandika mdomo wa mtoto. Yeye mwenyewe alibaki ndani ya moshi.

Manassé alijitumbukiza kwa lile shimo. Hakukumbuka mguu wake uko wapi wala chumba ni cha nani. Akambeba mkamwana mabegani, akamweka chini ya shimo mvua impige usoni, na Dancille akavuta pumzi kwa mkoromo wa kutisha, akatapika, akavuta nyingine. Mtoto alikuwa kimya. Mzee akamwinua juu, nje kabisa ya paa, kwenye ile baridi aliyoiogopa maisha yake yote.

Mtoto akapiga chafya. Kisha akalia kwa ile sauti yake kubwa, na babu yake akalia naye, waziwazi.

Nyiramahoro aliporudi alimkuta mumewe amelala kifudifudi juu ya paa, koti limetandazwa juu ya shimo, na amelinyanyua upande mmoja kwa kiwiko ili hewa ipite. Aliuliza kama amepatwa na kichaa. Mzee alimjibu aite Gustave.

Jicho likajengwa juma lile lile. Dancille alipona, ila kwa siku nyingi hakutaka kutoka nje. Hatimaye Nyiramahoro akashuka na ujumbe wake, kama ilivyo desturi.

"Anasema iko na haya. Aliita jina yako mara mbili. Anauliza atalipa nini."

Manassé alikuwa amekaa na viganja vyake vimefungwa vitambaa.

"Mwambie alinigongea mara mbili, na miye nilikaa," alisema. "Miye njo niko na deni. Mwambie siku ingine asianze na mwiko. Aanze na jina."