Maji Yanayobaki Bombani

Jua lilipofika dirishani, Kampire alikuwa amekwisha kukunja vitenge vyake. Jicho la kulia lilikuwa limefunguliwa bandeji jana yake, baada ya upasuaji hospitalini Ruharo, na tangu hapo alikuwa akiviona vitu ambavyo kwa miaka mingi alivijua kwa kuvigusa tu: ufa wa ukuta, mvuke wa chai, nyusi za mjukuu wake Pacifique. La kushoto lingetibiwa Alhamisi. Hata hivyo alitaka kurudi kambini Nakivale leo hii, na sababu ilikuwa sinki la bafuni.

Lilikuwa limejaa maji ya kijivu hadi ukingoni. Hakuna aliyemwuliza kitu, lakini yeye alijua. Alipokuja kwa binti yake hapa Ruti, mjini, alimletea mjukuu kibuyu cha maziwa, na kila asubuhi alikisugua kwa majivu, kama alivyofundishwa na mama yake kule milimani Kivu. Nakivale maji ya kibuyu humwagwa kwenye migomba. Hapa, macho yakiwa na ukungu, alisikia tundu la sinki linameza, akalilisha majivu na mafuta ya siagi, akidhani halishibi.

Lingekuwa sinki la mwanawe angesema. Lakini lilikuwa la mkwe, na kwao mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Huyo mkwe, Nehemiya, Kampire alimjua kwa kikohozi chake mlangoni na kwa viatu vyake tu. Lolote la kumwambia lilipitia kwa Mutesi, binti yake. Kumtuma Mutesi akamweleze mumewe uchafu wa mama yake, hapana. Afadhali abaki na jicho moja. Alimwambia binti yake kwamba mbuzi wake wanamsumbua mawazo. Mutesi aliviangalia vitenge vilivyokunjwa, akasema gari la Nakivale halijazi abiria mapema, mama asiharakishe.

Nehemiya akaingia bafuni na beseni. Aliyateka maji ya juu kwa kikombe, akaweka beseni chini ya sinki, akalala chali, kichwa ndani, miguu mlangoni. Mutesi alisimama akimmulikia kwa simu, mama yake kando. Kisha Pacifique akalia chumbani, na kabla Kampire hajapata pa kukimbilia, simu ilikuwa mkononi mwake na binti ameondoka.

"Angaza chini kidogo, Mama Pacifique," sauti ikasema, ikidhani bado ni Mutesi.

Kampire akaangaza. Daktari alimkataza kuinama, kwa hiyo alisimama wima, akanyoosha mkono tu. Kichwa cha mkwe hakikuonekana. Mikono ndiyo iliyoonekana, ikifungua nati ya plastiki polepole, bila koleo, ikipumzika kila nati ilipogoma. Bomba lililopinda likashuka. Kikatoka kitu cha kijivu, kizito, chenye umbo la bomba lenyewe, kikalala katika beseni kama nyoka mnene.

Mikono ikakigeuza. Ikakinusa pia, maana iliondoka kwenye mwanga ikarudi.

Hapo ndipo Kampire aliposema na mkwe wake kwa mara ya kwanza, kwa Kiswahili cha kwao Kivu.

"Ni majivu, Baba Pacifique. Majivu na siagi. Ni mimi njo nilimwanga."

Chini ya sinki mikono ikakirudisha kile kitu katika beseni.

"Haiko kitu, Mama," Nehemiya akasema. "Siagi inayeyuka. Tutapitisha maji ya moto." Kisha akaongeza, "Nilifikiri ni sabuni yangu ya kunyolea. Tangu jana niko naogopa bibi yangu Mutesi."

Mutesi, mtoto mgongoni, alileta birika, akaondoka upesi kuliko ilivyohitajika. Nehemiya aliliosha bomba katika beseni, akaliinua kwenye mwanga.

"Mama, ona hii kona. Maji yote inapita, ila kidogo inabakiaka hapa. Hiyo kidogo njo inazuia harufu ya shimo isipande mu nyumba."

Kampire akatazama. Maji machache yalikuwa yametulia katika mpindo ule, safi, yakitetemeka kwa pumzi ya mtu aliyelishika. Kila usiku walipokuwa wamelala, maji kama hayo yalikuwa pale, yakilinda.

Bomba likarudishwa. Nehemiya akanyoosha mkono, akafungua koki.

Maji yalijaa kidogo, yakasita, kisha yakaanza kuzunguka. Yalichimba shimo katikati yao wenyewe, jembamba, linalong'aa, na unywele mmoja ukalizunguka na kuzama. Kampire hakujua kwamba maji huondoka hivyo. Miaka yote aliyoyabeba kichwani, hakujua.

Nehemiya alitoka chini ya sinki akiwa amejifunika taulo usoni. Akajipangusa, akajipangusa tena, muda wa kutosha mama mkwe kujiondokea kwa heshima.

"Alhamisi nitawapeleka mimi mwenyewe Ruharo, Mama," akasema ndani ya taulo. "Kama mbuzi watakubali."

Alipolishusha taulo, Kampire alikuwa bado palepale, amewasha tochi ya simu mchana kweupe, akiyatazama maji.

"Fungua tena," akasema.