Karatasi ya Moshi

Kiburi? Hapana bwana, hapo mnamwonea. Nectario hakuwa na kiburi hata chembe. Alikuwa akipita na gari lake, vioo vyeusi tii, hasalimii mtu, hilo kweli. Lakini sababu yake ni nyingine kabisa. Niongezeeni kahawa niwaeleze.

Jua la hapa Maracaibo mnalijua. Halichomozi hili, linavamia. Sasa mkewe, Egla, Mungu amrehemu, alipata ule ugonjwa ambao jua kwake ni sumu. Likimgusa kidogo tu, mashavu yanawaka mekundu kama kipepeo aliyekunjua mbawa, viungo vinauma, homa juu. Na Egla huyo ndiye mtu asiyeweza kupita mtaani bila kusalimia. Kiwiko nje ya dirisha la gari: "Ee binamu, mguu umepona? Bibi, yule mbuzi wako kazaa?" Na si binamu zake, sisi hapa kila mtu ni binamu. Nectario anamwambia, "We mwanamke, tutakuta misa imeisha." Anajibiwa, "Misa ipo kila Jumapili. Mguu wa binamu je?"

Daktari aliposema Egla akae mbali na jua, hata akiwa garini, Nectario alikwenda mbio kwa Ender, yule fundi wa mtaani kwetu anayebandika tinti kwenye vioo vya magari. Sisi tunaiita karatasi ya moshi.

"Niwekee nyeusi kuliko zote."

"Binamu, hii nikikuwekea, hata Bikira Maria mwenyewe hatajua nani yumo ndani."

"Ndiyo hiyo hiyo naitaka."

Maana tulivyojua sote ni hivyo: kivuli ni giza, na giza likizidi, kivuli kimezidi. Mtu akiunguzwa na jua si anatafuta mti wenye majani mengi? Nani angewaza vingine?

Basi jioni ya kwanza, watu tumekaa na viti vyetu milangoni, tunapunga upepo, mara gari jeusi hilo, linakuja polepole. Na mnajua wanaotembea hivyo ni akina nani. Ni wale wa kudai ushuru kwa bastola. Tukanyanyua viti, ndani! Nectario akapiga honi kutuambia ni sisi jamani. Honi yenyewe ndiyo ikatukimbiza zaidi. Carmelina, shoga yake Egla tangu usichana, aliacha kandambili moja barabarani. Nectario alicheka mpaka machozi. Egla hakucheka.

Baadaye tulijua gari ni la nani, lakini mazoea yalishavunjika. Utamsalimia nani, kioo?

Egla akazidi kuumwa. Shavu la kulia, upande wa dirisha, ndilo lililowaka zaidi. Nectario akasema ndivyo ugonjwa ulivyo. Msimu wa mvua Egla akafariki. Binti yao Iraida, aliyekwenda Chile kama watoto wetu wengi, hakuwahi mazishi. Alilia kwenye simu tu.

Mwaka ulipotimia, Iraida akaja kwa misa ya kumkumbuka mama yake. Anashuka kwenye basi, kofia pana, mikono mirefu mpaka kwenye viganja. Nectario akamtazama mashavuni. Kipepeo yuleyule.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu mama alipofariki. Ningekuambiaje, baba, na wewe una msiba?"

"Usiogope. Gari lina giza. Kaa pale pa mama yako."

Iraida hakuingia. Akatoa kwenye begi lake karatasi iliyoviringishwa, nyeupe wazi kama maji.

"Daktari kule kanielekeza hii. Tuibandike."

"Hii? Hii si nailoni ya kufungia jibini! Naona mpaka kucha zako."

"Kinachounguza hakionekani kwa macho, baba. Hii ndiyo inayokizuia. Zipo nyeusi zinazokizuia pia, lakini yako iangalie, imeshakuwa zambarau. Ni rangi tupu. Inazuia watu kuona, basi."

"Kwa hiyo unataka kuniambia mama yako..."

Kama mtoto anasema kweli, basi siku zote zile alikuwa akimwendesha mkewe juani, huku amemnyang'anya hata watu wake, bure kabisa.

"Karatasi ya mama yako haibanduki," akasema. Wakaenda nyumbani na gari lilelile, Iraida kajifunika taulo kichwani.

Kesho yake misa ilikuwa adhuhuri. Asubuhi Iraida akautoa mwavuli, akasema atatembea, afadhali mwavuli kuliko moshi. Nectario akamtazama akifunga kamba ya kofia kidevuni. Mama yake alifunga vivyo hivyo, fundo upande.

"Nipe hiyo nailoni yako," akasema.

Ender akachemsha maji, akaelekeza mvuke kwenye kioo, akaanza kubandua na wembe. "Binamu, si mimi niliyekuambia hata Bikira..."

"Bandua, Ender."

Ender akaendelea kubandua. Alipofika dirisha la Egla akasimama. "Hapa pamekwanguliwa."

Kitundu, kama punje ya mahindi, pembeni chini. Kimekwanguliwa kwa ukucha kutoka ndani, kidogo kidogo, mpaka kingo zimekuwa laini. Nectario alikuwa anakiona kitone kile cha mwanga kila siku, akidhani gundi imeachia. Akaingia, akakaa kiti cha mkewe, akainamisha kichwa mpaka jicho likafika pale. Shavu la kulia likagusa kioo, na kioo kilikuwa moto.

Ng'ambo ya barabara akauona mlango wa Carmelina, na kiti chake.

"Alikuwa anawaona," akasema.

Ender akafuta mikono kwenye suruali. "Nikukatie kipande hicho ukiweke kama kumbukumbu?"

"Cha nini? Mwenyewe alikuwa anataka kitoke."

Ender akaibandika ile nailoni ya Iraida, wakaenda misa vioo vinaonyesha mpaka ndani. Carmelina alipoona uso ule, kama wa Egla mwenyewe, kwenye dirisha lile, akainuka kitini, akapiga ishara ya msalaba. Iraida hawezi kushusha kioo, kwa hiyo akainua mkono. Carmelina akaja mpaka barabarani, akaweka kiganja chake kwenye kioo, akakiacha hapo, magari ya nyuma yanapiga honi.

Baada ya misa tulikwenda nyumbani kwa Nectario, kila mtu na kiti chake. Viti vile vile tulivyokimbia navyo. Mapazia yalishushwa kwa ajili ya Iraida. Mbuzi wa nazi alikuwa mezani, lakini nani atakaa, mwenye nyumba kasimama mlangoni kageukia barabarani?

"Kaa, binamu, mbuzi anapoa," akasema Carmelina.

"Nilimwendesha juani, Carmelina."

"Na sisi tukaingiza viti ndani."

Nectario akauacha mlango. Halafu akavuta kiti karibu na binti yake, akaketi. Ndipo na sisi tukaketi, tukala.