Jina la Nyuma ya Nishani

Katibu wa chama cha wataalamu wa mimea aliirudisha nishani ya fedha kwa sonara, siku mbili tu baada ya kuichukua.

"Dada, jina la yule mama hapa nyuma lifutwe. Tuweke la profesa wake."

"Kwani nilikosea herufi?" sonara akauliza.

"Hapana. Kamati imegundua yule mama hana shahada. Alikuwa msaidizi wa maabara tu."

Sonara alivua miwani yake ya kazi. "Barua ya sifa uliniletea mwenyewe. Imeandikwa ndiye aliyegundua ukungu unaoozesha mizizi ya maharage. Au huo ukungu nao ulidai shahada?"

"Makala aliandika profesa."

"Na jina nimelichora mimi. Basi nishani ni yangu?"

Katibu akaifutika mfukoni, akaipeleka kwa fundi mwingine. Sonara alishindwa kushika kazi. Alifunga karakana, akamtafuta yule mama mpaka kwake. Alimkuta ameketi kibarazani, gauni jipya mapajani, akamweleza habari ya nishani.

"Nimeshaambiwa, mwanangu. Kwa simu, maneno mawili," alisema mama. "Na ndugu nimeshawaalika."

"Gauni utalivaa, mama. Tutakwenda wote."

Siku ya sherehe walikaa safu ya nyuma. Profesa alipokwisha kuvishwa nishani, mama alinyanyuka, akaenda mpaka mbele bila haraka.

"Profesa, swali dogo. Ukungu huu tuliuona kwenye sampuli ya ngapi?"

Profesa alimtazama katibu. Katibu akatazama viatu vyake.

"Ya mia nne na kumi na saba," mama akasema. "Wewe ulikuwa safarini. Nilikuandikia barua, ukanijibu niache kupoteza muda."

Profesa aliivua nishani, akaiweka mezani, akatoka. Mwenyekiti akasema suala hilo litaangaliwa, na mpaka leo linaangaliwa. Nishani imefungiwa kabatini, haina mwenyewe.

Njiani sonara alikuwa bado anafoka. "Wangekupa palepale. Wangekuomba radhi mbele ya watu."

"Watu wamesikia," mama akasema, akimshika mkono wavuke barabara. "Twende, ndugu wananisubiri kula."

Sonara alikula, lakini hasira haikumtoka. Mwaka uliofuata katibu alipoleta kazi nyingine ya chama, hakumfungulia hata mlango.