Gari Lililotembea Kama Bata

Vitalis alikuwa dereva, na katika shamba zima la mkonge pale Rudewa hakuna aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo. Ukimwita jina lake tupu, bila kutanguliza "dereva", anakuwa kiziwi papo hapo. Kofia yake ya kazi aliivaa hata akienda kuoga. Anaitundika mlangoni ili anayepita ajue ni nani yumo ndani. Lakini msimcheke sana. Miaka michache nyuma alikuwa mkata mkonge kama wengine, miiba inamdunga mapajani, utomvu unamwasha, jioni anarudi kambini amechorwachorwa mwili mzima kama ramani. Mtu aliyetoka huko akafika kwenye usukani wa gari la meneja ana haki ya kulala na kofia yake.

Meneja mwenyewe alikuwa Mgiriki mfupi, mnene wa shingo. Watu walimwita Bwana Upesi, kwa kuwa neno hilo alilitumia mahali pa salamu. Asubuhi moja, wiki ileile bendera ya Boma ya Kilosa ilipopeperushwa nusu mlingoti kwa msiba wa Mfalme wa Uingereza, kiko chake cha tumbaku kilimponyoka kikaingia chini ya gari. Akainama kukitafuta. Hakuinuka upesi.

"Vitalisi! Wewe kuja hapa!"

"Naam, Bwana."

"Tairi hii mimi nanunua Morogoro Krismasi. Sasa iko kipara kama baba yangu. Wewe nakula na ugali?"

Vitalis akapiga magoti akachungulia. Upande wa nje kashata za mpira zilikuwa zimesimama vizuri, za kupigia picha. Upande wa ndani, ambao hauoni mpaka ulale chini, mpira ulikuwa umelika mpaka nyuzi zinachungulia. Akazunguka kutazama tairi la pili la mbele. Nalo hivyohivyo. Ya nyuma yalikuwa mazima.

"Sijui, Bwana."

"Mimi najua. Jumapili mimi naenda klabu na rafiki, gari nabaki. Wewe nachukua gari, naenda Mikumi kwa mchumba."

Hapo ndipo palipomuuma. Mikumi alikwenda kweli, kwa Gaudiosa, lakini alikwenda juu ya lori la mbao, amekaa kwenye mbao zenyewe, anafika mweupe kwa vumbi hata nyusi, mpaka Gaudiosa alizoea kumpokea na kata ya maji kabla ya maneno. Gari la Bwana hajaligusa Jumapili hata moja. Lakini nani wa kumshuhudia? Mbao?

"Natia mpya tena," Bwana Upesi akasema. "Mwisho. Mimi naona kipara nyingine, wewe narudi kata mkonge."

Na arusi ilikuwa baada ya Pasaka. Baba yake Gaudiosa alikuwa amekubali posa ya dereva. Posa ya mkata mkonge hakuna aliyewahi kumpelekea, na Vitalis hakutaka kuwa wa kwanza kumwuliza jibu lake.

Basi kuanzia hapo akaendesha gari kama amebeba mayai ya mama mkwe. Kila jiwe alilikwepa. Kwenye makorongo ya njia ya Kilosa alishuka, akaangalia, akapanda, akapita taratibu, na Bwana Upesi nyuma anapiga kelele "Upesi! Upesi!" Kila asubuhi kabla jua halijachomoza vizuri, alikuwa chini ya gari, anapapasa upande wa ndani wa tairi kwa kidole kama mtu anayempapasa mtoto homa. Mke wa mpishi akamwuliza kama amepoteza pete.

Haikusaidia kitu. Kwaresima haijafika nusu, kidole kikaanza kusikia ulaini. Upande wa ndani. Yote mawili.

Siku hiyo Vitalis alikwenda karakana kwa Kasiani.

Kasiani alikuwa fundi wa shamba, Mhehe wa Iringa, na Vitalis Mngoni wa Songea. Kwa hiyo walikuwa watani, na utani wao ulikuwa mzito. Hawakuwahi kusalimiana kama binadamu. Vitalis akipita karakana lazima apaze sauti, "Fungeni mbwa zenu, Mhehe kaamka na njaa!" Na Kasiani lazima ajibu kwa jambo baya zaidi, akicheka mpaka nyundo inamdondoka. Hata Mwaka Mpya ulipopita, gari lilipokuwa likiingia shambani, Kasiani alisimama mlangoni akaita karakana nzima ije itazame: "Mngoni! Gari umelifundisha mwendo wa kwenu! Linatembea kama bata, vidole vinatazama nje! Babu zako walikuja kwa miguu toka kwa Wazulu, na hawakumaliza nyayo kama utakavyomaliza wewe tairi hizo!" Watu wakacheka wakashika mbavu. Vitalis akamjibu kwa habari ya mbwa, akapita.

Sasa leo aliingia, akavua kofia. Akasema, "Habari za kazi, Kasiani."

Kasiani akaweka nyundo chini polepole. Akamtazama. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Mngoni umeingia kwangu hujanitukana, umenivulia na kofia. Niambie nani kafa."

"Basi mimi. Nimekufa mimi." Akamweleza yote: tairi, Bwana Upesi, Mikumi, arusi. "Nakuomba leo utani tuuweke nje pale mlangoni. Nisaidie."

Kasiani akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafanya kitu kibaya kuliko kucheka: akakasirika.

"Si nilikwambia!"

"Uliniambia lini?"

"Hapo ulipopita! Gari linatembea kama bata! Magurudumu ya mbele yameachana vidole, utamaliza tairi! Nilikwambia mbele ya karakana nzima!"

"Ulikuwa unatania!"

"Nilikuwa natania ndiyo. Na nilikuwa nakwambia."

"Ulikuwa unacheka, Kasiani. Umetaja na Wazulu."

"Sasa wewe mtani wangu, mimi nikikwambia jambo bila kucheka utanielewa? Leo umenisalimia kwa adabu, nimeona jeneza!"

Vitalis alikaa juu ya pipa. Alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, na kwa kuwa hakuweza kuchagua, akakaa tu. Maana kweli, katika miaka yote hiyo, ni neno gani la Kasiani alilowahi kuliamini? Hata siku alipoambiwa amekalia nge, alicheka kwanza ndipo akaruka.

"Njoo," Kasiani akasema. "Lete gari."

Alikata mwanzi, akaulaza chini nyuma ya magurudumu ya mbele, akaupunguza mpaka ukagusa tairi huku na huku. Kisha akauleta upande wa mbele ya magurudumu yaleyale. Mwanzi ukacheza. Kati ya ncha yake na tairi paliingia vidole vitatu vya Kasiani, na vidole vya Kasiani si vya karani.

"Bata," akasema.

Wakalala wote wawili chini ya gari. Kile chuma kirefu kinachoyaunganisha magurudumu mawili ili yageuke pamoja, kinachotakiwa kunyooka kama rula, kilikuwa kimepinda kama upinde wa mwindaji. Kimejifupisha, kimevuta magurudumu kwa nyuma, na gari badala ya kubingiria likawa linaburuza tairi kila hatua ya njia, likizisugua ndani kama mtu anayesugua kisigino kwenye jiwe.

"Kuna kitu uligonga," Kasiani akasema. "Kisiki. Tena kwa mbio."

Vitalis alikikumbuka kisiki. Kilikuwa Mikumi, porini, siku chache baada ya Krismasi. Walikuwa wakimwinda pofu, yule mnyama wa pembe mkubwa kama ng'ombe, wakimfukuza kwa gari, nyasi zimefika kwenye taa. Mlio ulikuwa mkubwa, gari likaruka, na sauti ikasema, "Hakuna kitu! Upesi!" Ila siku hiyo Vitalis alikuwa kiti cha pembeni, ameshika kofia. Aliyekuwa kwenye usukani ni Bwana Upesi mwenyewe.

"Yesu na Maria," Kasiani akasema alipoambiwa. "Sasa nani atamwambia?"

Wakapatana hivi: Bwana ataitwa, ataonyeshwa chuma, ataonyeshwa mwanzi, na habari ya nani aligonga itakaa kimya.

Bwana Upesi alikuja, akachuchumaa, akautazama mwanzi ukicheza, akatazama chuma. "Nani nafanya hii?"

Vitalis alifungua mdomo kusema kwamba barabara ni mbaya. Kasiani akamtangulia.

"Huyu, Bwana!" akapaza sauti, kidole kwenye kifua cha mtani wake. "Mngoni huyu! Mmekwenda Mikumi kumfukuza pofu, yeye kwenye usukani, haoni mbele, kagonga kisiki kama kipofu! Dereva gani huyu? Mrudishe akakate mkonge, Bwana, hata leo!"

Vitalis alimtazama Kasiani, na Kasiani hakuwa anacheka. Hapo ndipo moyo ulipomshuka kabisa: mara ya kwanza katika maisha yake Mhehe anamtukana bila kucheka, na anamtukana hivi! Usukani, kofia, Gaudiosa, vyote akaviona vinakwenda zake. Ulimi ulitaka kusema, "Si mimi," lakini baada ya "si mimi" linafuata "ni wewe", na neno hilo halikuwa na njia ya kupita.

Bwana Upesi alitoa kiko mdomoni. Akatazama chuma tena. Shingo yake ikaanza kuiva, kutoka kwenye kola kwenda juu, mpaka masikio.

"Hapana," akasema.

"Ni yeye, Bwana, mimi namjua—"

"Wewe nyamaza! Hapana yeye." Alikohoa. "Kisiki ile... mimi. Mimi nashika usukani. Pofu ilikuwa kubwa sana." Akamgeukia Vitalis, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka. "Kwa nini wewe hapana sema?"

"Nilisahau, Bwana," Vitalis akasema.

"Wewe nasahau vizuri," Bwana Upesi akasema, akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo wake mwenyewe. "Kasiani, nyoosha. Vitalisi nabaki dereva. Na pofu ingine, mimi nakaa pembeni."

Alipoondoka, Vitalis aliegemea ukuta. Pumzi ilimtoka ndefu, kama tairi lililotolewa pini.

"Ungeniua, Kasiani."

"Mtu humtetei kwa kumtetea; unamsingizia mpaka mwenye kosa aone haya," Kasiani akasema, akiwasha moto wa kunyooshea chuma. "Ningesema ni Bwana, tungekata mkonge wote. Halafu acha kunitazama hivyo, mbwa wangu wanaogopa."

Vitalis alicheka mpaka machozi, akavaa kofia yake, akamtukana vizuri, kwa urefu, kama deni la mwezi mzima. Karakana ikapumua.

Chuma kilinyooshwa, mwanzi ukaenea mbele na nyuma, na tairi zikaacha kulika. Asubuhi moja tu Vitalis alipapasa tena kwa kidole. Baada ya hapo akaanza kulala mpaka jua linatoka.

Arusi ilifungwa wiki ya pili baada ya Pasaka. Kasiani alifika Mikumi juu ya lori la mbao, mweupe kwa vumbi, na mbele ya mama mkwe akamvua bwana arusi viatu vyake vipya akavikwapua, haki ya mtani. Badala yake akamvisha makatambuga aliyoyashona mwenyewe kutoka kwenye tairi lile la kwanza: upande wa nje mnene, kashata zimesimama, upande wa ndani mwembamba kama karatasi. Vitalis hakuwa na la kufanya. Alimshika Gaudiosa mkono, akacheza arusi yake yote vidole vikitazama nje, kama bata, na hakuna aliyekuwa na furaha kumzidi.