Buti za Mama Mkwe

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Sisi tunapona kwa miguu ya mgeni. Barabara ya lami inaishia kwetu, mlima unaanzia kwetu, na kila anayetaka kupanda lazima apite mbele ya duka langu la kukodisha buti, majaketi na fimbo. Mume wangu ni mpishi wa kambini huko juu. Mimi nimeachiwa duka, na mama yake.

Buti mpya ni ngumu kama roho ya mwenye nyumba. Ukimpa mgeni hivyo hivyo, atashuka na malengelenge na matusi. Kwa hiyo kila jozi mpya huvaliwa kwanza na mama mkwe. Huenda nayo sokoni, kisimani, hata msibani, mpaka ngozi ikubali. Miguu yake ni mikubwa kama ya mwanamume, na ndiyo mtaji wetu. Mji mzima unamwita Mama Buti, naye anaitika. Mimi ananiita mkaza mwana, hata tukiwa wawili tu jikoni, na nilishazoea.

Asubuhi moja mgeni alirudi dukani akichechemea kabla hata hajafika geti la kuingilia mlimani. Buti la kulia lilikuwa limevimba ubavuni, pale pale penye kinundu cha kidole gumba cha mama mkwe. Nikampa jozi nyingine, nikamwomba radhi mpaka ulimi ukachoka, kisha nikaingia ndani nimefura.

"Mama, hizi umezivaa mpaka zimekuwa zako! Sasa nimkodishe nani?"

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Usimkodishe mtu. Nilizificha chini ya kitanda, ukazitoa mwenyewe ulipofagia."

"Ulizificha za nini?"

"Za kupandia mlima."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Akaendelea na maharage yake, akanieleza taratibu. Marehemu baba mkwe alikuwa mpagazi. Kila akishuka alimwambia kwamba ukiwa kambi ya kwanza, jua la asubuhi likichomoza, unaliona bati la nyumba yetu likimetameta huku chini, naye humsalimia mkewe kutoka huko. Aliahidi kumpeleka akiacha kazi. Kifo hakikumsubiri.

"Mwanamume akitoka safari husema lolote," alisema. "Nataka nikaone kama alinidanganya. Na magoti haya hayana mwaka mwingine."

Hasira zote zikaniishia. Mume wangu aliposhuka tukakubaliana ampeleke pole pole, walale kambi ya kwanza, kesho yake warudi. Mimi nibaki na duka.

Niliwasindikiza hadi njia panda. Niliporudi nikatupa macho juu ya paa. Bati lile lilimetameta enzi za marehemu. Sasa lilikuwa limeota kutu, jekundu kama udongo wa shamba lililolizunguka. Mama wa watu anapanda mlima na magoti mabovu, akifika hataona kitu, atashuka akiamini kwamba mumewe alimdanganya maisha yao yote. Na mume hayupo wa kujitetea.

Usiku huo nilisugua vyombo kwa majivu mpaka vidole vikawaka. Kulipopambazuka nikaegemeza ngazi, nikapandisha sufuria, masinia, karai, mifuniko, mpaka birika, nikavipanga juu ya bati.

Fundi cherehani wa jirani akafungua dirisha. "Shemeji, leo unampikia nani huko juu?"

"Nawapikia wanaouliza maswali."

Akafunga dirisha. Jua likachomoza, vyombo vikawaka mpaka nikafumba macho. Kama huko juu vinaonekana au la, sikuwa na wa kumuuliza.

Jioni wakarudi. Mama mkwe akajitupa kizingitini, buti zimejaa tope. Nilipiga magoti kumfungua kamba, nikiogopa kumtazama usoni.

"Nimeliona," alisema. "Linametameta kama alivyosema. Mzee wangu hakunidanganya." Akajifuta machozi kwa upindo wa nguo, nami nikalia pale pale miguuni pake, bila aibu.

Tulipotulia akaingia jikoni, nikamfuata. Sufuria nilikuwa nimezishusha mchana, zote zimepangwa mahali pake. Moto ulikuwa unawaka na juu yake hakuna kitu. Akatafuta kwa macho rafuni, mezani, nyuma ya mlango. Kisha akatazama mikono yangu yenye majivu kwenye kucha. Kisha akainua uso, akalitazama bati kwa muda mrefu.

"Kashushe birika, mwanangu," alisema. "Nina kiu ya chai."