Uso Nilioufuta

Tambara lililolowa tapentaini halihitaji nguvu. Nililipitisha mara tatu, na uso wa mama, ambao rangi yake ilikuwa bado mbichi, ukabaki ukungu wa kahawia juu ya shingo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, najifunza kuchora kwa rangi za mafuta. Mwalimu alitugawia nakala za mchoro mmoja wa zamani: mwanamke ameketi juu ya jiwe, nyuma yake bonde na mto. Tuuchore upya, akasema, kwa kumtazama mtu aliye hai. Watu hai wa bure ni wachache, nikamwendea mama.

Tangu apate kiharusi, mdomo wake ulikuwa umevutwa upande, na akiona kamera alikumbuka ghafla kitu jikoni. Lakini kwangu alikubali. Wiki tatu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shuka mabegani, akilalamika kwamba hata jiwe lingechoka.

"Nichore nilivyo," aliniambia. "Usinipambe."

Nikamchora alivyo. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na nasema hivi nikijua hakuna wa kunibishia. Kisha, siku mbili kabla ya maonyesho ya darasa, nikawawazia wenzangu wakiutazama ule mdomo, nikaona haya. Ningependa kusema nilikuwa namsitiri yeye. Nilikuwa najisitiri mimi. Nikafuta, nikaweka uso wa yule mwanamke wa kwenye nakala.

Mama hayupo tena, na picha nyingine yake ya miaka ile haipo. Nafsi inanisuta mpaka leo.

Sikumwambia kitu. Siku ya maonyesho alikuja na mama mdogo, kavaa gauni lake la kutokea, akimvuta mkono tangu mlangoni: "Njoo umwone dada yako alivyotundikwa ukutani."

Nilikuwa hatua chache nyuma yao, naongea na mwalimu. Mama alisimama mbele ya mchoro wangu.

"Sasa wewe uko wapi hapo?" mama mdogo akauliza.

"Mimi nilikaa tu, aone shuka linavyokunjika," mama akajibu. "Uso wangu hakuuhitaji. Aliniambia mapema."

Hakugeuka. Mwalimu alikuwa akinisifia mto, jinsi maji yalivyokaa vizuri. Nikamwambia asante.